“Wanatafuta Pesa Tu”: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanaoshtaki Polisi Kenya na Mawakili Wao

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa, yule mtu anayebeba faili, anayesindikiza familia hospitalini kujaziwa P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, anayekaa nao kwenye benchi la kortini kesi inapoahirishwa kwa mara ya saba. Maswali haya sikuyatunga. Nimeulizwa kwenye feri ya Likoni, kwenye matatu, kwenye matanga. Mengi yake yametoka kwa shangazi yangu, ambaye haamini polisi, haamini mawakili, na haamini mtu yeyote anayetaja neno fidia. Kumjibu yeye ndiko kulikonifunza kujibu wengine.

Hawa watu si wanatafuta pesa za serikali tu?

Wengine wanatafuta pesa, ndiyo, na sioni haya kulisema. Mwendesha bodaboda aliyevunjwa goti kwa rungu hawezi tena kukanyaga gia. Ana kodi ya nyumba, ana watoto, ana pikipiki ya mkopo. Katiba ya 2010, kifungu cha 23, inampa jaji uwezo wa kutangaza kwamba haki ilivunjwa, wa kutoa zuio, na wa kuamuru fidia. Uwezo wa kurudisha goti jaji hana. Ukimwambia mtu huyo asidai chochote ndipo umwamini, unamtaka athibitishe ukweli wake kwa kulala njaa.

Halafu tazama hesabu yenyewe. Manusura wanane wa dhuluma za kingono zilizofuata uchaguzi wa 2007 walifungua kesi mwaka 2013 wakiilaumu serikali kwa kutowalinda na kutochunguza. Hukumu ilisomwa tarehe 10 Desemba 2020. Wanne walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne wengine hawakupata fidia. Tazama pia walioteswa katika vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House, enzi za Rais Moi. Kundi la watu 21 lilipata hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2010, zaidi ya miaka ishirini baada ya wengi wao kutolewa mle ndani. Na hukumu, kama utakavyoona mbele, haijawa pesa mkononi.

Nilipomsomea shangazi miaka hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema hata chama chake cha akina mama kinalipa haraka kuliko hapo.

Kama hakuwa na kosa, polisi wangemfuata kwa nini? Panapofuka moshi pana moto.

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote, kwa hivyo nitalijibu kwa urefu.

Taarifa ya kwanza karibu kila mara hutoka kwa polisi. Ndiyo inayosomwa redioni asubuhi, maiti ikiwa bado haijapasuliwa na familia bado inahangaika kutafuta nauli. Anayeisikia kwanza huishika, na yanayofuata baadaye huonekana visingizio vya mawakili. Angalia taarifa hizo za kwanza ziliishia wapi.

Agosti 2014, Kinango, Kwale. Maafisa wanaingia usiku kumtafuta mtu mwingine na wanamuua kwa risasi Kwekwe Mwandaza, binti wa miaka 14. Maelezo yao: aliwashambulia kwa panga. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuyakubali. Februari 2016 maafisa wawili walihukumiwa miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza iliyochunguzwa na IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, kufika hadi hukumu ya hatia.

Mei 2012, Diani. Kijana Mwingereza, Alexander Monson, anakamatwa kwa madai ya kuvuta bangi na baada ya muda mfupi amekufa. Maelezo: alizidisha dawa za kulevya. Madaktari waliofanya upasuaji walikuta amepigwa kichwani kwa kitu kizito. Maafisa wanne walipatikana na hatia mwezi Novemba 2021. Ilichukua zaidi ya miaka tisa, na huyo baba yake ni mtu wa ukoo wa kilodi Uingereza, mwenye uwezo na ubalozi nyuma yake. Fikiria mama wa Kisauni, hapa Mombasa, asiye na hayo.

Juni 2025, Nairobi. Albert Ojwang, mwalimu, anakamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, anasafirishwa hadi kituo cha Central, na kabla ya siku ya pili kupambazuka vizuri amekufa. Maelezo: alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Upasuaji ulioongozwa na daktari wa serikali ulikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na alama za kupigwa sehemu mbalimbali za mwili, mambo ambayo mtu hajifanyii mwenyewe. Inspekta Jenerali aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya awali.

Panga, dawa za kulevya, ukuta. Sisemi kila taarifa ya polisi ni uongo. Ninachosema ni kwamba moshi huo unaouona umepulizwa na mmoja wa wahusika wa kesi, na wewe umeupokea kama hali ya hewa.

Tena hata mtu akiwa na kosa, kosa lake ni faili lingine. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 25 kinaorodhesha haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, na kutoteswa ni mojawapo. Mwizi wa kuku anashtakiwa kwa wizi wa kuku. Aliyemng’oa kucha anashtakiwa kwa kucha.

Lakini wezi wanatumaliza. Mbona hamumtetei aliyeporwa?

Swali la haki kabisa, na mawakili wengi hulijibu kwa dharau, jambo linalowaponza. Mwaka 2013 afisa mmoja alimpiga risasi na kumuua kijana mmoja huko Githurai, Nairobi. Afisa aliposhtakiwa, wakaazi na wafanyabiashara waliandamana. Waliandamana wakitaka aachiliwe! Kwao yeye ndiye aliyewawezesha kufunga duka saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Mahakama ilimpata na hatia ya mauaji mwaka 2018, na wapo wanaolalamika mpaka leo.

Siwezi kumcheka mwenye duka yule. Nimeporwa simu mara mbili, mara moja kwa kisu. Ila nimekaa na mafaili ya kutosha kujua jambo moja: mshukiwa akishapigwa risasi, kesi ya wizi nayo imezikwa. Nani alimkodisha bunduki? Nani alinunua simu zilizoibwa? Ni askari gani alikuwa akipokea mgao? Aliyeweza kujibu amefunikwa mchanga, na wale wengine wanatafuta kijana mpya wa kumtuma. Wiki mbili baadaye unaporwa tena.

Mawakili si ndio wanaokula pesa yote?

Hapa shangazi yangu ana hoja, na sitamnyima.

Kwanza tuondoe picha iliyotoka Marekani. Watu wameona jiji la Minneapolis likikubali kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27 mwezi Machi 2021, na wamesikia kwamba kule wakili anaweza kuchukua kesi bila malipo ya awali, akishinda anakata fungu lake, mara nyingi thuluthi. Kenya mpango huo haukubaliki kisheria. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui makubaliano ya kwamba wakili alipwe akishinda tu, au alipwe viwango tofauti kwa kushinda na kushindwa. Malipo yanafuata viwango vilivyowekwa, na mteja asiporidhika na bili ana haki ya kuipeleka kwa msajili wa mahakama ikaguliwe.

Hiyo ni sheria. Mtaani kuna mabroka. Wanakaa kwenye lango la hospitali na karibu na chumba cha maiti, wana kadi za wakili mfukoni, na mtu wa kwanza kumwambia mama aliyefiwa “hii kesi ina milioni kumi” huwa ni wao. Kuna mawakili wanaopokea hundi ya mteja na kumwambia kwa miezi kumi na minne kwamba serikali haijalipa. Mimi nimemsindikiza mzee mmoja aliyegundua kwamba alikwisha kulipwa kwa kusoma barua iliyoachwa wazi mezani kwa karani. Alisoma jina lake, akasoma kiasi, akasoma tarehe ya mwaka uliopita. Hakupiga kelele. Aliomba glasi ya maji.

Kwa hivyo ndiyo, tilia shaka. Lakini itilie mahali penye msaada:

Dai mkataba wa maandishi kabla ya kutia sahihi chochote. Dai risiti. Uliza namba ya kesi, kisha nenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama ukaone kama ipo. Pesa ya mteja inatakiwa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa ya ofisi. Wakili akikuzungusha, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili na kuna Jopo la Nidhamu, na kulalamika huko hakuhitaji wakili mwingine.

Wakili mwizi hafanyi kipigo kiwe hakikutokea. Mzee yule aliibiwa na wakili wake, na mkono wake ulivunjwa na polisi. Mambo yote mawili ni kweli.

Na hawa wanaolipwa na wafadhili wa nje?

Kesi nyingi za maskini hubebwa na mashirika: MUHURI na Haki Africa hapa Pwani, IMLU kwa upande wa madaktari na wapasuaji wa maiti, na mengineyo. Baadhi hupata fedha nje ya nchi. Sijui njia nyingine ambayo mchuuzi wa mahamri angeweza kumlipa mpasuaji huru, wakili, na nauli ya mashahidi watano kwa miaka sita. Nao polisi wetu wamepata magari na mafunzo kutoka nje miaka nenda miaka rudi, na sijasikia mtu akiwaita vibaraka.

Anayesema ni kazi ya raha namkumbusha Willie Kimani. Alikuwa wakili wa shirika la International Justice Mission, ambalo makao yake yako Marekani. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa mwaka 2015. Mwenda alilalamika IPOA, halafu akajikuta yeye ndiye anayeshtakiwa makosa ya barabarani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Kutoka kwenye seli ya kambi ya polisi wa utawala, Syokimau, Kimani alidondosha kipande cha karatasi ya chooni chenye maandishi, akimwomba atakayekiokota ampigie mkewe simu. Kiliokotwa. Miili yao watatu ilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk, ikiwa kwenye magunia.

Februari 2023 mahakama ilimhukumu kifo afisa aliyeongoza njama hiyo. Maafisa wengine wawili walipewa miaka 30 na 24, na mpasha habari wao 20.

Mbona viongozi wa mawakili wanaingia kwenye majopo ya Ikulu? Hapo si wamenunuliwa?

Agosti 2025 Rais aliunda jopo la kushughulikia fidia kwa waliodhulumiwa kwenye maandamano tangu 2017, na rais wa Chama cha Wanasheria Kenya, LSK, akawa makamu mwenyekiti. Vijana waliokuwa wakimshangilia walimgeukia siku hiyohiyo. Mahakama ikasimamisha kazi ya jopo, na mwezi Oktoba akajiuzulu. Maoni yangu: alikosea kuingia, alifanya vyema kutoka, na hakuna popote katika hayo panapoonyesha kwamba alinunuliwa. Watu wanaruhusiwa kukosea bila kuwa wamelipwa.

Nani hasa analipa? Si mimi mlipa ushuru?

Ni wewe. Anayeshtakiwa kwa kawaida ni Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali, mara nyingi pamoja na Inspekta Jenerali. Afisa mwenyewe anaweza kuunganishwa kwenye kesi, lakini mzigo wa fidia huangukia hazina.

Na kulipwa kwenyewe ni safari. Ukimshinda jirani yako kortini na akakataa kulipa, unamtuma dalali anabeba kochi na televisheni. Ukiishinda serikali, sheria inakataza. Huwezi kutuma dalali akavute Land Cruiser ya kituo cha polisi, ijapokuwa nimewahi kuombwa na wateja wawili niulizie. Unachukua cheti cha amri ya mahakama, unakipeleka wizarani, unangoja. Usipolipwa unafungua kesi nyingine ya kumlazimisha katibu wa wizara alipe. Asipotii, unafungua maombi ya kumshtaki kwa kudharau mahakama. Katibu anahamishwa, unaanza kumwandikia mpya.

Kwa hivyo hasira ya mlipa ushuru naielewa, nami nalipa ushuru. Ila ankara hiyo haikuandikwa na aliyepigwa. Ingekuwa hoteli, ungemuuliza aliyevunja sahani.

Mbona wasingoje kesi ya jinai iishe ndipo wadai fidia? Haraka ya nini?

Kwa sababu kalenda haiwangoji. Anayetaka kuishtaki serikali kwa madhara ya kawaida ya mwili ana miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Kesi ya kikatiba ya kuvunjwa haki haina kikomo hicho cha miezi, lakini ukichelewa sana jaji atakuuliza ulikuwa wapi. Na kesi ya jinai iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Familia haina usukani hapo.

Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alipigwa nyumbani kwao Nyalenda, Kisumu, polisi walipovamia mtaa usiku mwezi Agosti 2017, baada ya uchaguzi. Alikufa siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu uliwabebesha polisi lawama mwaka 2019. Uamuzi wa kuwashtaki maafisa ulitangazwa Oktoba 2022. Angekuwa hai, mwaka huo angekuwa darasani akijua kusoma.

Kuna tofauti nyingine watu huisahau. Kwenye jinai, hatia ithibitishwe bila shaka yoyote ya maana, maana mtu atafungwa. Kwenye madai, jaji anapima upande upi una uzito zaidi. Afisa anaweza kuachiliwa huru kwenye jinai na serikali ikaamriwa kulipa kwenye madai, na hapo hakuna jaji aliyejipinga.

Kama ni kweli alipigwa, mbona alikaa miezi minane bila kusema?

Jaribu njia yenyewe. Umepigwa kituoni. Ili upate rekodi, sharti uripoti ili uandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Kitabu kiko kituoni. Ili daktari ajaze fomu ya P3, fomu hiyo kwa mazoea hutoka kituoni. Yaani ukajipange foleni mbele ya meza ya yule aliyekupiga, umwombe karatasi ya kumshtakia, naye akuulize, “Ulisema ni nani?”

Siku hizi P3 hupatikana mtandaoni, unaweza kuripoti kituo kingine, na IPOA hupokea malalamishi moja kwa moja. Wana ofisi Mombasa pia. Lakini mtu anayekojoa damu hajui hayo. Anajua serikali ina mkono mrefu, na kwamba askari yule anapita kwao kila jioni.

Kuna walalamishi waongo?

Wapo. Kijana mmoja alikuja kwetu na kovu la panga begani, akasema ni askari waliomkamata Jumamosi. Alilia vizuri mno. Tuliitisha kadi yake ya hospitali: jeraha lilishonwa Alhamisi. Alikuwa amekamatwa kweli, na pengine alipigwa kofi kweli, lakini kovu lile lilikuwa la ugomvi wa pombe. Tulifunga faili. Aliondoka akitutukana kwamba tumehongwa na polisi.

Mwongo hukwama hapo, kwenye karatasi. Tarehe za hospitali, OB, kitabu cha mahabusu, nani alikuwa zamu, silaha ipi ilitoka ghalani na ikarudi na risasi ngapi. Akivuka hayo anakutana na wakili wa serikali anayemhoji saa mbili nzima. Ni mtihani mgumu, na anayeshtaki anaufanya hadharani, kwa kiapo. Taarifa ya polisi redioni haikuapishwa.

Ushahidi gani hupotea sana?

Shati. Mama mmoja alituletea shati la mwanawe kwenye mfuko wa plastiki, limepigwa pasi. Alikuwa amelifua kwa mkono, mara tatu, kwa sababu damu ilikuwa ngumu kutoka, na hakuweza kulala na damu ya mtoto wake chumbani. Tundu la risasi lilikuwa pale. Kila kitu ambacho maabara ingetafuta pembeni mwa tundu lile kilikuwa kimekwenda na sabuni. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Usifue. Liache likauke kivulini, litie kwenye bahasha ya karatasi, na plastiki usitumie, huozesha.

Risiti pia. Zile za karatasi laini ya mashine hufutika. Baada ya miaka mitatu unamkabidhi jaji kipande cheupe. Zipige picha na utoe kopi siku hiyohiyo.

Picha za majeraha zikitumwa WhatsApp hupunguzwa ubora. Iache ya asili ndani ya simu iliyoipiga, na simu hiyo usiiuze.

Familia ikikubali kumalizana nje ya korti, si wameuza damu ya mtoto wao?

Sijawahi kumlaumu mzazi kwa hilo, na naomba nawe usimlaumu. Miaka mitano ya “kesi itatajwa tarehe fulani” huchosha mifupa. Kumalizana ni njia halali kwa upande wa fidia. Kesi ya mauaji si mali ya familia. Ni ya Jamhuri, na afisa anayemletea baba bahasha ili mashahidi wapotee anatenda kosa jingine. Akija, mpokee kwa adabu, pesa usiguse, kisha mpigie wakili wako.

Aliyeshindwa kesi, je, huyo si mwongo aliyethibitishwa?

Hapana. Wengi hushindwa kwa kuchelewa au kwa kukosa shahidi. Wengine ni lile shati.

Tanzania mambo ni hayohayo?

Yanafanana kwa shaka, yanatofautiana kwa sheria. Kule anayetaka kuishtaki serikali kwa madai hutoa notisi ya siku 90 kwanza. Na marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aape jinsi suala hilo lilivyomgusa yeye binafsi. Kenya, kifungu cha 22 kinaruhusu mtu au shirika kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza, na kinasema ada isitozwe ya kufungua kesi ya namna hiyo. Wasomaji wa Dar na Zanzibar, muulizeni wakili wa huko. Miezi yangu 12 isije ikawapoteza.

Mimi bado siamini. Naweza kwenda kusikiliza mwenyewe?

Unaweza, na huhitaji ruhusa ya mtu, isipokuwa kesi chache zinazosikizwa faraghani. Orodha ya kesi za siku hutolewa na Idara ya Mahakama mtandaoni na hubandikwa ukutani. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, zima simu, kaa nyuma, simama jaji anapoingia. Hakikisha kesi inasikizwa siku hiyo, maana ikiwa ni ya kutajwa tu itakuchukua dakika nne na utarudi nyumbani umekasirika. Nyingine hutajwa kwa video.

Shangazi yangu alikuja mara moja, mwaka juzi, na chupa yake ya maji na kanga ya kujifunika maana kiyoyozi kilikuwa kikali. Shahidi wa polisi aliulizwa kuhusu ukurasa wa OB uliochanwa. Alijibu kwamba kitabu kilinyeshewa mvua. Wakili akauliza ni mvua gani inayonyeshea ukurasa mmoja tu, na jaji akainua kichwa kutoka kwenye maandishi yake. Tulipotoka, shangazi alitaka kujua tarehe inayofuata ni lini.